Nusu Dola Nje ya Kasha

Kahawa ilikuwa haijachemka, na Wendell Rohrbaugh alikwishafungua sefu mara tatu.

"Ametoroka?" aliuliza Lorna, mkewe, bila kuinua macho kwenye chemshabongo ya gazeti.

"Nani?"

"Huyo mwanamke unayemfungia kwenye chuma."

Wendell alikuwa amekwishasogea dirishani, lenzi imebanwa kwenye jicho la kulia, kasha la plastiki akiligeuzageuza kwenye mwanga wa theluji. Ndani ya kasha mlikuwa na nusu dola ya fedha ya mwaka 1901. Si nusu dola zile zilizonunulia mkate na bia zikachakaa kwenye mifuko ya watu. Hii ilikuwa ya kung'aa kama kioo. Kila mwaka zilipigwa chache kwa chuma kilichosuguliwa, wakauziwa watu wenye ugonjwa kama wake, na uso wake unang'aa hivi kwamba ungeweza kunyolea ndevu. Ukingoni ilikuwa na duara la buluu, buluu ikaingia waridi, waridi ikaingia rangi ya asali shavuni mwa yule mwanamke aliyechorwa. Hakuna aliyeipaka rangi hizo. Fedha ilijivalisha yenyewe kwa kulala zaidi ya miaka mia kwenye bahasha ya karatasi ya mtu asiyependa kupekuapekua.

Juu ya kasha wapima sarafu wa kampuni waliandika daraja lake la ubora: 67. Mwaka uliopita ilikuwa 66.

Asiyekuwemo atauliza, moja tu ndiyo nini? Kilele ni sabini, na nusu dola za umri huo hazikifikii. Kwa watu wa Wendell, wakusanyaji sarafu, namba moja ikipanda, wazee wenye viuno vibovu wanarukaruka. Ikishuka, mtu anahama klabu. Wendell alikuwa ameipata hiyo moja, tena kihalali, kutoka kwa wapima wasiomjua wala kumpenda. Alipaswa kuwa mtu mwenye raha kuliko wote mjini Hanover. Badala yake alikuwa kama paka aliyefungiwa chumba kimoja na mashine ya kufulia.

Alikuwa anatafuta doa.

Kisa chenyewe kilianza Januari, na kilianza na Irv Sprenkle.

Irv alikuwa ameendesha lori la krispi za viazi mpaka akastaafu, na tumbo lake lilibaki kama kumbukumbu ya mzigo. Alivaa kanda za mabegani za kushikilia suruali, zenye picha za kuku. Yeye na Wendell walikusanya nusu dola za aina moja lakini kwa dini mbili tofauti. Wendell alikusanya miaka: kuanzia 1892 hadi 1915, moja kila mwaka, na alizipata zote isipokuwa ya 1914. Za 1901 alikuwa nazo mbili, moja ya sura ya kawaida na huyu malkia. Irv hakujali miaka. Alikusanya rangi. Na kwa bahati ya kuudhi, 1914 iliyokuwa nzuri kuliko zote Wendell alizowahi kuziona ilikuwa nyumbani kwa Irv, kwenye kisanduku cha sigara.

"Wapima walinionea," Wendell alisema siku hiyo ya Januari, kama alivyosema karibu kila wiki. "Hii ni sitini na saba."

"Ameanza."

"Itazame basi!"

"Nimeitazama kuliko nilivyomtazama bibi harusi wangu. Sasa sikia, we mzee wa manung'uniko. Siku mwanamke wako huyo akirudi na sitini na saba, mlete kwangu. Nakupa 1914, mkono kwa mkono, hamna cha kuongeza."

"Unatania."

"Natania kila siku. Leo niko likizo."

Ili sarafu ipimwe upya vizuri, ni bora ivuliwe kasha lake la zamani, wapima waione uchi bila kusoma kilichoandikwa na wenzao. Kazi hiyo inatisha. Unaliviringisha kasha kwenye taulo, unalibana pembeni kwa koleo, unasikia plastiki ikilia kama mfupa, na unaomba kipande kisiruke kikamchana mtu usoni. Na mtu anayesemwa hapa ni yule wa kwenye sarafu, si wewe. Wendell aliifanya jikoni kwake, Irv akiwa shahidi. Kasha lilipasuka salama. Nusu dola ikalala uchi juu ya kitambaa cha mahameli, na Wendell akainama kuitazama kwa mara ya kwanza bila plastiki katikati yao.

Hapo kuna sheria. Juu ya sarafu iliyo uchi hakuna kuongea, hakuna kucheka, hakuna hata kusema "lo". Tone la mate usiloliona linaanguka, linakauka, linalala kimya wiki au miezi. Kisha siku moja linazuka kama doa jeusi, dogo kama ncha ya sindano, na doa hilo limekula fedha yenyewe, halitoki tena. Wendell ndiye aliyeandika tangazo ukutani kwenye chumba cha klabu: FUNGA MDOMO. Chini yake mtu fulani, na kila mtu alimjua, aliongeza kwa kalamu: WENDELL ANAKUCHUNGULIA.

Irv alikuwa ameingiza kichwa kwenye friji, anatafuta yale mayai ya Lorna yaliyolowekwa kwenye siki na bitiruti.

"Umesikia ya Harlan wa klabuni?" alisema kutoka humo ndani.

Wendell akatikisa kichwa, midomo imefumbwa, sheria ni sheria.

"Kasafisha dola yake ya 1881. Kwa dawa ya meno."

Wendell alifumba macho kwa uchungu. Kusafisha sarafu ni dhambi. Kwa dawa ya meno ni mauaji.

"Tena anajisifu! Eti imetakata. Nikamwambia, Harlan, sasa usiku unailaza kwenye glasi moja na meno yako ya bandia, au kila mmoja ana glasi yake?"

"Pfff!"

Kilimtoka. Wala si kicheko kamili, ni hewa tu iliyoshinda midomo. Lakini uso wake ulikuwa juu ya mahameli, karibu kama mtu anayebusu.

"Lorna anaficha wapi haradali?" aliuliza Irv, mgongo bado umegeuka.

Wendell alishika lenzi. Akatazama upande wa mbele, akatazama wa nyuma, akainamisha taa. Hakuona kitu. Dawa ilikuwepo: suuza kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa asetoni, bila kugusa, bila kufuta, na kama kulikuwa na tone, limekwenda. Lakini chupa zilikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba. Kuzifuata kungehitaji maelezo, na maelezo kwa Irv yangedumu mpaka mazishi ya Wendell, ambako Irv angepewa nafasi ya kusema machache. Mwandishi wa FUNGA MDOMO kaitemea nusu dola yake mwenyewe! Wendell aliitelezesha kwenye kimfuko laini, na kesho yake akaituma kwa wapima.

Ikarudi Machi. Sitini na saba.

Alipiga kelele mpaka Lorna akashika vikombe. Furaha hiyo ilifika jioni ikachoka. Maana sasa, kama lile tone lilikuwepo, limefungiwa ndani pamoja na sarafu, kwa gundi na kwa muhuri, linafanya kazi yake polepole.

Toka hapo hakukalika naye. Asubuhi aliona doa chini ya sikio la yule mwanamke; akafuta plastiki, likaondoka, kumbe unywele wa paka. Akaona jingine karibu na tarehe. Akalifuata kwa lenzi kushoto na kulia, nalo likamfuata, kumbe liko ndani ya jicho lake. Alianza kutengeneza bomba la sinki akaliacha limefunguliwa. Alikwenda dukani kununua maziwa akarudi na balbu. Jumapili walikula kwa Irv kama kawaida, na Irv, akimwagia kila kitu mchuzi, aliuliza, "Mwanamke wangu hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie namngojea kwenye maonyesho ya sarafu. Nimeshamnunulia fremu."

Wendell akajikatia nyama nyingine.

"Mwambie Irv," Lorna, ambaye alikwishaambiwa yote, alisema sasa, asubuhi hiyo ya sefu mara tatu.

"Nimwambie nini? Sijui kama kuna kitu!"

"Basi mwambie hujui."

"Mtu hawezi kwenda kwa mwenzake kumwambia hajui."

"Wewe ndiyo huwezi. Wengine tunafanya hivyo kila siku." Aliandika herufi moja kwenye chemshabongo, akaifuta. "Au nyamaza umpe. Lakini uache kufungua hilo sefu, linanipigia kelele."

Na hapo ndipo palipomchoma. Angeweza kunyamaza. Pengine hakuna kitu, na kwa ajili ya hakuna kitu angeipoteza 1914. Au kuna kitu, nacho kitazuka mwakani nyumbani kwa Irv, na Irv mwenyewe atajilaumu, atadhani ni unyevu wa nyumba yake. Hakuna mtu duniani angejua. Wendell alikuwa amerekebisha tanuri za watu miaka mingi, aliwahi kudhulumiwa na matajiri na kudhulumiwa na maskini, na hakuwahi kupewa nafasi nzuri namna hii ya kumdhulumu mtu. Ilimkosesha amani kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Maonyesho yalifanyika Aprili, kwenye ukumbi wa zimamoto kama kila mwaka. Magari mekundu yalitolewa nje uani, meza zikapangwa mahali pake, na akina mama wa zimamoto wakachemsha supu ya kuku na mahindi jikoni nyuma. Wendell alifika mapema mno. Kwenye pikapu yake, nyuma ya kiti, aliweka mabakuli mawili ya kioo, chupa mbili, taulo na koleo. Lorna aliviona akavitazama, akamtazama mumewe. Mwanamume mwenyewe hakujua amevibeba vya nini. Alijiambia ni tahadhari tu.

Irv alikuwa na meza karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu za supu.

"Huyo anakuja!" alipaza sauti. "Tazameni anavyotembea, kama mtu aliyeiba kuku. Leta, leta nimwone."

Wendell akatoa kasha. Irv akalipokea kwa mikono miwili, akaliinamisha kwenye taa, na kwa muda yule mropokaji akawa mtu mwingine. Uso wake mnene ulilegea. Aliigeuza sarafu taratibu, buluu ikazunguka ukingoni kama maji kwenye beseni.

"Hii hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Hii waridi hapa. Wendell, unaiona? Unaona pale inapoanza?"

"Naiona."

"Huoni. Wewe unaona namba." Akaliweka kasha chini kwa upole, akavuta kisanduku cha sigara, akatoa 1914 ikiwa ndani ya kasha lake. "Chukua, mzee. Kamilisha shughuli yako ufe kwa amani."

Wendell akaishika. Ya 1914 ilikuwa nyeupe baridi, na kivuli kidogo cha zambarau mashavuni. Miaka yote hiyo ya barua, ya minada, ya kuamka alfajiri kuendesha gari mpaka mji wa Altoona na kurudi bure, na sasa ilikuwa kiganjani mwake, nyepesi kuliko alivyofikiri. Kilichobaki ni kuitia mfukoni. Mkono ulikwenda mfukoni. Ukarudi. Ukaenda tena.

"Una viroboto?" Irv aliuliza.

Wendell akairudisha 1914 mezani, akalichukua kasha la 1901 mbele ya macho ya rafiki yake.

"Njoo nje," alisema.

"Nje kuna nini?"

"Njoo tu, bwana wee!"

Alipita jikoni kwa kasi, Irv akimfuata huku akiomba radhi kwa akina mama. Uani, baina ya gari la ngazi na gari la maji, Wendell alishusha bodi ya nyuma ya pikapu, akatandaza taulo, akaliviringisha kasha, akashika koleo.

"Wendell," alisema Irv. "Wendell, hilo ni koleo."

Kra.

"Wewe! Sitini na saba hiyo! Umerukwa na akili? Weka chini! Mama Doris! Jamani, kuna mgonjwa huku!"

Kra, kra. Mama Doris, mwenye aproni, alichungulia mlangoni na mwiko wake, akaona wazee wawili na taulo, akarudi kwenye supu. Wendell alifunua taulo. Sarafu ilikuwa nzima. Kile kikaratasi chenye namba kilianguka bodini, upepo ukakibeba ukakipitisha chini ya gari la maji, na hakuna aliyekikimbilia.

Aligeuza uso pembeni, mbali na sarafu, ndipo akasema. Aliyasema yote kwa kulitazama gurudumu la gari la zimamoto: Harlan, dawa ya meno, glasi, na ile hewa iliyomtoka.

Irv alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulicheka?"

"Kidogo."

"Kwa kichekesho changu."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza mpaka leo. Januari ile!" Sauti ya Irv ilikuwa haina mzaha wowote, na Wendell alitambua hajawahi kuisikia hivyo, hata kwenye msiba wa kaka yake. "Umekula kwangu Jumapili zote hizi. Nimekuuliza, hajambo? Ukaniambia hajambo, huku unatafuna nyama yangu."

"Sikujua kama kuna kitu, Irv. Mpaka sasa sijui."

"Mimi sisemi habari ya kitu. Nasema habari ya nyama."

Wendell alivuta skafu juu ya mdomo, akafunga nyuma ya kichwa. Akamimina maji kwenye bakuli la kwanza, asetoni kwenye la pili. Akaishika nusu dola kwa ukingo, akaizamisha, akaitikisa taratibu, akaihamisha, akaitoa, akaisimamisha kwenye taulo ijikaushe yenyewe. Asetoni ilipotea kwa upepo, rangi zikarudi moja baada ya nyingine, buluu mwisho.

Irv naye alikuwa amejifunika mdomo kwa kofia yake ya sufu. Waliinama pamoja na lenzi mbili. Hapakuwa na doa. Pengine halikuwahi kuwepo, pengine liliondoka sasa hivi, pengine limekwishauma na litazuka mwaka ujao. Maji hayakusema.

Waliponyanyuka, Wendell alishusha skafu. "Nitaituma tena. Wakisema sitini na sita, basi, hatukukubaliana kitu. Ndivyo ilivyo haki."

Irv aliingia ndani. Wendell akabaki na sarafu, akihama kutoka mguu huu kwenda ule, akifikiri jinsi atakavyomweleza Lorna na jinsi Lorna atakavyokuwa alikwishajua. Supu ilinukia. Mtu ndani alitangaza kwamba gari fulani limefunga njia.

Irv alirudi na 1914 mkono mmoja, na mkono mwingine kidubwana cha plastiki cha duara cha kutunzia sarafu, kile cha kawaida kisichoandikwa chochote, kila mwenye meza anavyo kwa wingi. Aliitumbukiza 1914 kwenye mfuko wa shati la Wendell, akaupiga kofi juu yake, kofi zito kidogo kuliko lilivyohitajika. Kisha akaichukua 1901 kwa ukingo, akaifunga kwenye kidubwana chake, tap.

"Lakini haina namba," alisema Wendell.

"Naona."

"Tuliafikiana sitini na saba."

"Uliafikiana na namba wewe. Mimi nilikuwa nakutania uondoke masikioni mwangu."

Wendell aligusa mfuko wa shati. Ilikuwemo. Aliugusa tena. "Basi... utaituma lini?"

"Kuituma wapi?"

"Kwa wapima. Wajue kama bado ni sitini na saba. Au hata sitini na nane, Irv, sasa imesuuzwa, pengine..."

"Siitumi."

"Mwezi ujao?"

"Siitumi mwezi ujao, siitumi mwakani, na nikifa nimeandika izikwe na mimi." Irv alikuwa ameanza kurudi kuwa Irv, kona ya mdomo ilimcheza. "Hiyo ndiyo faini yako, mzee. Hutajua kamwe."

"Huwezi kumfanyia mtu hivyo!"

"Ngoja uone."

"Angalau ukiona doa utaniambia?"

Irv alikwishageuka kuelekea kwenye supu, kidubwana kimo mfukoni, kuku wa kwenye kanda zake wakitikisika mgongoni.

"Irv! Nimekuuliza! Ukiona doa?"

"Nitakwambia hajambo," alisema Irv bila kugeuka. "Njoo ule. Na safari hii utalipia wewe."

Wendell alisimama kidogo kati ya magari mekundu. Alitoa 1914, akaiinua kwenye mwanga wa Aprili, akaanza kutafuta.